Kabla Mlango Haujafungwa: Usalama wa Abiria Ndani ya Ndege

Kaunti za Kitui na Makueni hazina uwanja unaopokea ndege kubwa za abiria, kwa kuwa viwanja vidogo vilivyoko, kama kile cha Ithookwe karibu na mji wa Kitui na kile cha Makindu, hutumiwa na ndege ndogo. Kwa hiyo mwenyeji wa huko anayesafiri kwa ndege huianza safari yake ndani ya matatu au basi, akipitia Machakos na makutano ya Kyumbi hadi Barabara ya Mombasa, au akitoka Mwingi kwa njia ya Thika, mpaka afike Embakasi ulipo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Wasafiri hao ni wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa India na, kwa miaka ya karibuni, vijana wengi wanaokwenda kufanya kazi Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu, ambao mara nyingi hawajawahi kukanyaga ngazi ya ndege hata siku moja. Hofu ya msafiri wa namna hiyo kwa kawaida huelekezwa angani, kwenye saa zile ambazo ndege iko juu na ardhi haionekani. Historia ya ajali za ndege katika Afrika ya Mashariki na kwingineko inaonyesha jambo tofauti: sehemu kubwa ya usalama wa abiria huamuliwa ndege ingali ardhini, katika ukaguzi, katika mizigo, katika maelezo yanayotolewa na namna yanavyosikilizwa, na katika ujasiri wa mtu aliyeona kasoro kusema kabla mlango haujafungwa.

Mfano mzito kuliko yote wa hoja hii ulitokea Embakasi kwenyewe. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa, iliyokuwa imetoka Frankfurt ikielekea Johannesburg, ilipaa kutoka Nairobi ikiwa na watu 157, ikashindwa kupanda, ikaanguka mbele kidogo ya mwisho wa njia ya kurukia na kuwaka moto. Watu 59 walikufa na 98 wakanusurika. Ilikuwa ajali ya kwanza ya ndege ya aina hiyo kuua watu tangu zilipoanza kubeba abiria. Uchunguzi ulibaini kwamba vibao vya ukingo wa mbele wa mabawa, ambavyo hushushwa wakati wa kupaa ili bawa liweze kuinua uzito mkubwa katika mwendo mdogo, havikuwa vimeshuka, kwa sababu hewa yenye nguvu inayovisukuma, ambayo hutolewa kwenye injini kupitia vali maalumu, haikuvifikia: vali hizo zilikuwa zimefungwa. Kasoro hiyo ingeweza kunaswa na orodha ya ukaguzi, yaani ule mtiririko wa maswali na majibu ambao marubani husomeana kabla ya kupaa ili pasiwe na swichi wala chombo kilichosahauliwa, lakini haikunaswa, na ndege za aina hiyo zilikuwa bado hazijawekewa king'ora cha kuwaonya marubani kwamba vibao vya mbele havikushuka. Baada ya Nairobi ziliwekewa. Abiria wa leo anayeketi kwenye ndege ya aina hiyo popote duniani ananufaika na somo lililopatikana kwa roho za watu katika nyasi za Embakasi, ingawa ni Wakenya wachache wanaolijua tukio hilo.

Abiria wa ndege ile hawakuwa na njia ya kujua kwamba vali zimefungwa. Ziko ajali nyingine ambazo abiria waliiona hatari kwa macho yao. Huko Dryden, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, tarehe 10 Machi 1989, ndege aina ya Fokker F28 yenye watu 69 ilipaa theluji ikiwa imelala juu ya mabawa, ikaanguka msituni ng'ambo ya uwanja na kuua watu 24. Theluji juu ya bawa hubadilisha umbo lake na kuliondolea uwezo wa kuinua ndege, na rubani yeyote analijua hilo. Ndani ya ndege ile, mbali na wahudumu na abiria wa kawaida walioiona theluji kupitia madirisha, mlikuwa na marubani wawili waliokuwa wakisafiri kama abiria. Habari hiyo haikuwafikia waliokuwa kwenye usukani. Wengine walidhani marubani wanajua, wengine walidhani ndege itapelekwa kwanza kusafishwa, na uchunguzi wa kina uliofuata ulionyesha kwamba wahudumu walikuwa wamezoezwa kuamini kuwa mambo ya mabawa si kazi yao. Miezi 2 kabla yake, tarehe 8 Januari 1989, ndege ya shirika la British Midland ilianguka karibu na Kegworth nchini Uingereza na kuua watu 47 kati ya 126, baada ya marubani kuizima injini ya kulia iliyokuwa nzima, ilhali abiria walioketi nyuma walikuwa wameona cheche zikitoka katika injini ya kushoto. Nahodha alitangaza kwa kipaza sauti kwamba hitilafu iko upande wa kulia. Waliosikia walishangaa, lakini hakuna aliyepeleka neno mbele.

Katika Ukambani, eneo lenye kaunti za Kitui na Makueni, jambo hili la abiria kunyamaza halihitaji kufafanuliwa kwa mifano ya ng'ambo peke yake. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya na waumini wa Kanisa Katoliki kutoka Mwingi kwenda harusini Nuu lilijaribu kuvuka mto Enziu uliokuwa umefurika, likazidiwa nguvu na maji likiwa katikati ya kivuko na kupinduka, watu waliokuwa ukingoni wakitazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, baadhi yao kutoka familia moja. Mwenye kukumbuka msiba ule hana haki ya kuwalaumu waliokuwa ndani ya basi, maana abiria wa Kenya amelelewa katika desturi ya kumwachia dereva kila uamuzi, na anayepaza sauti kumtaka apunguze mwendo au asubiri maji yapungue huambiwa na kondakta ashuke kama anaona safari haimfai. Ni desturi inayostahili kupigwa vita kwa nguvu zote, barabarani na angani, kwa sababu inamfanya mtu aone haya kuitetea roho yake mwenyewe. Heshima kwa mtaalamu haiondolewi na swali, na rubani aliyefunzwa vizuri hulipokea swali kama msaada. Tangu miaka ya 1980 mashirika ya ndege yamekuwa yakiwafundisha wafanyakazi wao somo maalumu la kushirikiana kazini, ambalo linamtaka nahodha awasikilize walio chini yake na linamtaka mhudumu apeleke mbele kila taarifa ya hatari anayopewa na abiria.

Ili sauti ya abiria iwe na faida, ni lazima ajue kipi ni cha kawaida na kipi si cha kawaida. Msafiri wa mara ya kwanza anaweza kushtushwa na ukungu mweupe unaotoka kwenye matundu ya hewa juu ya viti, hasa ndege inapokuwa Mombasa au mahali pengine penye unyevu mwingi, na kumbe ni mvuke wa kawaida unaotokea hewa baridi inapokutana na hewa yenye unyevu, wala hauna harufu. Vilevile mabawa hupinda na kuchezacheza, vibao vyake hutoka na kurudi, magurudumu hutoa mshindo yanapokunjwa au kukunjuliwa, na muda mfupi baada ya kupaa sauti ya injini hupungua kwa makusudi. Hayo yote ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni moshi wenye harufu ya plastiki au waya unaoungua, mafuta yanayotiririka kutoka bawani, sehemu ya bawa au ya kifuniko cha injini inayoning'inia, mkanda wa kiti usiofunga, na abiria mwenzake aliyelewa au anayejaribu kushika mpini wa mlango. Njia ya kuyasema ni kumwita mhudumu, kwa kubonyeza kitufe chenye picha ya mtu kilicho juu ya kiti au kwa kuinua mkono, na kumweleza kwa maneno machache kilichoonekana na mahali kilipoonekana. Asiyejua Kiingereza aonyeshe kwa kidole. Neno moja tu halina ruhusa ya kutajwa kwa mzaha, nalo ni bomu, kwa sababu mzaha huo ni kosa la jinai, na tishio la aina hiyo huchukuliwa kwa uzito wote: mnamo Oktoba 2023 ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikienda London ilisindikizwa na ndege za kivita za Uingereza na kutua katika uwanja wa Stansted badala ya Heathrow kwa sababu ya tishio.

Mizigo nayo ni suala la usalama, ingawa wasafiri wengi huiona kama suala la kilo na malipo. Mtu anayetoka Kitui au Makueni kwenda kukaa ugenini miaka 2 hubeba ladha ya nyumbani, na ni haki yake: ndengu, muthokoi, maembe yaliyokaushwa, asali ya Mwingi. Asali huhesabiwa kuwa kimiminika, na kwa kuwa vimiminika vinavyozidi mililita 100 haviruhusiwi katika mzigo wa mkononi kwenye safari za kimataifa, sheria iliyoenea duniani baada ya njama iliyofichuliwa Uingereza mwezi Agosti 2006 ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, chupa ya asali inapaswa kufungwa vizuri na kuwekwa katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kwa betri kanuni ni kinyume chake. Pawabenki, yaani ile betri ya kubebeka ya kuchajia simu, haitakiwi kabisa kuwekwa katika sanduku la chini, kwa sababu ndani yake mna lithiamu, madini ambayo betri ikitobolewa, ikigongwa au ikiwa na hitilafu ya kiwandani huweza kuchemka yenyewe na kuwaka moto mkali unaojirudia hata baada ya kuzimwa, na moto wa namna hiyo ukiwa katika chumba cha mizigo hakuna mtu wa kuufikia. Pawabenki husafiri na mwenyewe, na kipimo kinachoruhusiwa bila kibali ni wati-saa 100, kinachotosheleza pawabenki nyingi zinazouzwa madukani, kwani ile iliyoandikwa 20,000 mAh ina wati-saa 74 hivi. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya shirika la Air Busan ilishika moto ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae nchini Korea Kusini, moto ulioanzia katika kabati la mizigo juu ya viti, na wachunguzi waliona kwamba yaelekea chanzo kilikuwa pawabenki. Watu wote 176 walitoka wakiwa hai. Tangu Oktoba 2025 shirika la Emirates, ambalo wasafiri wengi wa Kenya hulitumia kwenda Ghuba, humruhusu abiria pawabenki moja tu na limekataza kuitumia ndani ya ndege, na linataka ikae mfukoni mwa kiti au chini ya kiti cha mbele, mahali ambapo ikianza kupata joto au kutoa moshi itaonekana mara moja.

Yanayofuata baada ya abiria kuketi ni maelezo ya usalama, dakika chache ambazo wasafiri wazoefu huzipuuza na wasafiri wapya huzikosa kwa sababu hawaielewi lugha. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za safari za anga duniani, una viambatisho vinavyoyataka mashirika yahakikishe kwamba kila abiria anajua mahali na matumizi ya mkanda, milango ya dharura, jaketi la kuokolea na vifaa vya oksijeni. Katika hivyo vyote mkanda ndio unaodhaniwa kuwa hauhitaji maelezo. Mkenya ameujua mkanda barabarani, hasa tangu Februari 2004 zilipoanza kutekelezwa kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoyalazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na hata kama kwenye matatu nyingi umekuwa wa kufungwa polisi wanapoonekana mbele, mkono wake umezoea kwamba mkanda hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe kilicho ubavuni. Mkanda wa ndege hauna kitufe. Uko kiunoni, katikati ya tumbo, na hufunguliwa kwa kuinua bamba dogo la chuma. Wachunguzi wa ajali wameeleza mara kadhaa jinsi watu walio na hofu wanavyopapasa ubavuni wakitafuta kitufe kisichokuwapo, kwa kuwa hofu humrudisha mtu kwenye mazoea. Dawa yake ni nyepesi: kuufunga na kuufungua mara mbili tatu ndege ingali imesimama. Katika muda huohuo msafiri anaweza kuhesabu safu za viti zilizopo kati yake na mlango ulio karibu, wa mbele na wa nyuma, ili moshi ukiziba macho mikono iweze kuhesabu kwa kupapasa migongo ya viti.

Ndege inapofikia mita 11,000 hivi, hewa ya nje huwa hafifu mno kiasi kwamba haimtoshi mtu, na kwa hiyo hewa iliyo ndani hushindiliwa mpaka ifanane na ile ya mahali penye mwinuko wa mita 2,400 au chini ya hapo. Mji wa Kitui uko katika mwinuko wa mita 1,100 na kidogo, na hata vilele vya Chyulu, vinavyofikia mita 2,188, haviufikii mwinuko huo. Ndiyo sababu masikio huziba, midomo hukauka, na mgonjwa wa moyo au wa mapafu hushauriwa kumwona daktari kabla ya kusafiri. Ikitokea hewa hiyo ikavuja, barakoa za oksijeni huanguka zenyewe kutoka juu ya viti, na abiria hana muda wa kutafakari, kwa sababu katika urefu huo akili humtumikia mtu kwa sekunde 30 hadi 60 tu kabla hajaanza kuchanganyikiwa na kuzirai. Barakoa huvutwa kwa nguvu kidogo ili oksijeni ianze kutoka, hufunika pua na mdomo pamoja, na mfuko wake usipojaa hewa isidhaniwe kuwa ni mbovu. Agizo la mzazi kuvaa yake kwanza kabla ya kumvisha mtoto huwakera akina mama wengi, na lina mantiki isiyopingika: mama aliyezirai hawezi kumvisha mtoto yeyote, ilhali mtoto aliyezirai kwa sekunde chache huzinduka akivishwa. Oksijeni hiyo hudumu dakika 12 au zaidi kidogo, muda unaowatosha marubani kuiteremsha ndege hadi mahali penye hewa ya kuvutika. Kwamba nalo hili huanzia ardhini lilidhihirishwa na ndege ya shirika la Helios iliyotoka Larnaca nchini Saiprasi tarehe 14 Agosti 2005: swichi ya kudhibiti hewa ya ndani, iliyokuwa imegeuzwa na mafundi wakati wa matengenezo, haikurudishwa mahali pake, marubani hawakuligundua hilo katika ukaguzi wao, na watu wote 121 walikufa.

Msukosuko wa hewa, yaani ule mtikisiko unaotokea ndege inapopita katika hewa inayopanda na kushuka kwa nguvu, huwatisha abiria kuliko jambo lolote, ingawa ni nadra sana kwa ndege ya kisasa kuvunjwa nao. Anayeumizwa ni mtu aliye huru ndani ya ndege. Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko juu ya Myanmar, abiria mmoja akafariki na makumi wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa hawakufunga mikanda na wakarushwa hadi darini. Safari za kutoka Nairobi hupita katika ukanda wa Ikweta ambao mawingu yake ya radi hupanda juu sana, hasa katika msimu wa Oktoba hadi Desemba, mvua zilezile ambazo mkulima wa Kitui na Makueni huzitegemea kuliko mvua za masika, na kwa hiyo mkanda ubaki umefungwa hata taa ya ishara inapozimwa.

Hakuna sehemu ya maelezo ya usalama ambayo Afrika ya Mashariki imeilipia kwa uchungu kama ile ya jaketi la kuokolea. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikiwa na watu 175, ilitekwa na watu 3 waliotaka ipelekwe Australia na wakakataa kuamini maelezo ya nahodha Leul Abate kwamba mafuta hayatoshi. Mafuta yaliisha juu ya Bahari ya Hindi, na nahodha akaishusha majini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro, karibu kiasi kwamba watalii na wenyeji waliokuwa ufuoni waliwahi kwa mashua kuokoa watu. Waliokufa ni 125, miongoni mwao mpiga picha mashuhuri wa Kenya Mohamed Amin. Baadhi yao walikuwa wazima ndege ilipogusa maji, lakini walikuwa wamekwisha kuyajaza hewa majaketi yao wakiwa bado vitini. Maji yalipoingia majaketi yaliwainua hadi darini, na mtu aliyeinuliwa namna hiyo hawezi kuzama chini ya maji ili autafute mlango. Nahodha alikuwa ameonya kwamba yasijazwe ndani. Sentensi ile fupi ambayo wahudumu huisema kila siku, kwamba jaketi livutwe kamba ya kulijaza mtu anapotoka mlangoni, ina makaburi nyuma yake, na inauma kuona ikisomwa haraka kwa lugha mbili za kigeni mbele ya watu wasiozijua.

Hatari ya maji si ya safari ndefu za kuvuka bahari tu. Ndege ya Kenya Airways iliyopaa usiku wa tarehe 30 Januari 2000 kutoka Abidjan ilianguka katika Atlantiki muda mfupi baada ya kupaa, na kati ya watu 179 walipona 10 peke yao. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, ikazamisha pua na kuacha mkia juu ya maji. Watu 19 walikufa wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokoka, wengi kupitia mlango wa nyuma, kwa msaada wa wavuvi waliokuwa karibu, akiwamo kijana Majaliwa Jackson ambaye taifa zima la Tanzania lilimshukuru. Msafiri kutoka nchi kavu ya Mutomo au Kathonzweni, ambaye pengine hajui kuogelea, hana sababu ya kudhani kwamba jaketi lililo chini ya kiti chake si lake kwa kuwa ndege haivuki bahari. Apeleke mkono chini ya kiti kabla ya safari na ahakikishe kuwa lipo.

Hatari inayotokana na abiria wenyewe ni ndogo kwa idadi, lakini njia ya Nairobi ina kumbukumbu yake. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege ya British Airways iliyotoka London Gatwick kuja Nairobi ikiwa na watu 398 iliporomoka maelfu ya futi juu ya Sudan baada ya abiria mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili kuingia katika chumba cha marubani na kushika usukani, mpaka wafanyakazi na abiria wakasaidiana kumwondoa, na wote wakafika salama. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani mlango wa chumba hicho umeimarishwa na hufungwa muda wote wa safari.

Inabaki hatua ya kutoka. Kiwango kinachotumika duniani kinataka ndege iweze kutoa watu wote kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki, na msingi wake ni kwamba moto wa mafuta hupenya ndani kwa muda mfupi mno na moshi wake huua kabla ya moto kufika. Huko Manchester nchini Uingereza, tarehe 22 Agosti 1985, watu 55 kati ya 137 walikufa, wengi kwa moshi, katika ndege ambayo haikuwa hata imeinuka ardhini, na kutokana na ajali hiyo ndege zilipewa taa za sakafuni zinazoonyesha njia ya mlango na nafasi pana zaidi penye milango ya juu ya bawa. Riyadh, mji unaopokea wafanyakazi wengi kutoka Kenya, uliona tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya Saudia ikitua salama na moto ndani yake, kisha watu wote 301 wakifa kwa kuwa milango haikufunguliwa kwa wakati. Kwa upande mwingine, tarehe 2 Januari 2024 uwanjani Haneda, Tokyo, watu wote 379 walitoka katika ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikiteketea baada ya kugongana na ndege ya walinzi wa pwani, ambamo watu 5 walikufa, na jambo lililosifiwa na kila mtaalamu ni kwamba abiria waliacha mizigo yao. Kwa mfanyakazi anayekwenda Ghuba kuacha begi si jambo dogo, maana ndani yake mna pasipoti, mkataba, namba za simu za nyumbani na pesa za dharura. Suluhisho lake hufanywa nyumbani, kwa kushona au kununua kimfuko cha kuvaa shingoni chini ya nguo, ambamo vitu hivyo vitakaa tangu Embakasi mpaka mwisho wa safari, ili begi libaki kuwa nguo tu na kuachwa kwake kusiumize.

Si haki, hata hivyo, kumtwika abiria mzigo ambao si wake. Alfajiri ya tarehe 30 Januari 1993 treni iliyotoka Nairobi kwenda Mombasa ilitumbukia katika mto Ngai Ndethya, upande wa Mtito Andei, kwa sababu mafuriko yalikuwa yamelibomoa daraja, na watu zaidi ya 100 walikufa. Hakuna abiria wa treni ile ambaye macho yake au sauti yake ingeweza kulizuia hilo, na jukumu lote lilikuwa la wenye reli. Katika anga vivyo hivyo, matengenezo ni ya mashirika, na usimamizi ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Lakini kuna jukumu moja ambalo bado halijatimizwa ipasavyo na ambalo halihitaji teknolojia wala fedha nyingi, nalo ni la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ilhali binti wa Kibwezi anayepanda ndege ya shirika la kigeni kwenda Jeddah huweza kupewa maelezo ya kuokoa roho yake kwa Kiarabu na Kiingereza peke yake. Serikali huwataka wafanyakazi wa nyumbani wapitie mafunzo kabla ya kuondoka nchini, wakijifunza kutumia mashine ya kufulia na jiko la umeme. Somo la ndege linaweza kuingia humo kwa saa moja, likafundishwa kwa Kiswahili au Kikamba mbele ya kiti kimoja cha ndege kilichostaafishwa, mkanda wake ukiwa mzima na jaketi likiwa chini yake, na vituo kama Musyi FM na Mbaitu FM, vinavyosikilizwa hadi vijijini, vinaweza kulirudia kwa wale ambao hawapiti katika mafunzo hayo, kama vile wagonjwa na wazazi wazee wanaokwenda kuwatembelea watoto wao ng'ambo. Gharama ya kiti hicho na ya mwalimu inaweza kubebwa na mawakala wa ajira, na kituo cha mafunzo kilichoko Kitui au Wote kingeweza kuanza bila kungoja amri kutoka Nairobi.